Tingatinga: Kutoka Mashamba ya Mkonge
Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliingia Tanga miaka ya 1950 kutafuta kazi, kama vijana wengi wa kusini waliovutwa na mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na huko, mwaka 1968, akaanza kuchora.

Sogea karibu uitazame picha ya mtindo wake. Ubao ni hadibodi ya mraba, ile ya kupigia dari. Rangi ni ya mafuta, ya kopo, aina iliyopakwa baiskeli. Ndiyo maana picha hung'aa. Chui au ndege mmoja hujaza uso wote, nyuma yake rangi tupu, na madoa yamewekwa moja moja kwa ncha ya brashi. Hakuna kivuli wala umbali. Jicho halina pa kukimbilia ila kwa mnyama mwenyewe.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi aliyemdhania mhalifu. Miaka minne ilikuwa michache mno kwa kipaji kile, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa zake, na kazi wakaiendeleza wao.