Pembe za Maboko

Karibu na Kitale, katika kinamasi cha Saiwa, nzohe, aina ya swala, hupita ndani ya maji katikati ya matete. Hifadhi hiyo, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya, ilitengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili yake. Dume ana pembe zilizojipinda, hazina matawi, na hazimtoki maisha yake yote. Swala wote wa Kenya wako hivyo. Ayala, ambaye pembe zake za matawi huanguka na kuota upya kila mwaka, wengi wanamjua kwenye Biblia tu, kwa kuwa asili yake si kusini mwa Sahara.

Ndiyo maana mifupa ya kisiwa cha Maboko iliwashtua wataalamu. Mwaka 1933, kasisi wa Kianglikana Walter Edwin Owen, aliyehudumu Kavirondo enzi ambapo Bungoma ya leo ilihesabiwa Kavirondo Kaskazini, aligundua visukuku kwenye kisiwa hicho kidogo cha Ghuba ya Winam. Miongoni mwa visukuku vya Maboko kulikuwa na pembe ndefu, zenye vijitawi vifupi vilivyochomoza pande zote kama miiba ya mgunga. Mwaka 1936 mtaalamu Donald MacInnes alimpa mnyama huyo jina Climacoceras africanus, akamtangaza kuwa ayala wa Afrika wa kale. Aliishi takribani miaka milioni 15 iliyopita.

MacInnes alikosea, ingawa ni kosa lenye sababu nzuri. Pembe ya ayala huwa na pete ya mfupa karibu na shina, pale inapokatikia. Ya Climacoceras haina. Haikuwa ikianguka.

Jibu kamili kuhusu ukoo wake lilitoka Fort Ternan, kwenye mabaki ya nduguye aliyempita ukubwa, C. gentryi. Jino lake la chonge la chini limegawanyika mara mbili, na jino la namna hiyo ni alama ya ukoo wa twiga. Kwa ushahidi huo, mtaalamu W. R. Hamilton aliwatenga mwaka 1978 katika familia yao wenyewe, jirani na twiga.

Mlima Elgon nao umehifadhi enzi za kale zaidi. Huko Bukwa, upande wa Uganda, tabaka za volkano yake zimetoa visukuku vya wanyama wa miaka milioni 19 hivi. Makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926, yangefaa sana kuwaonyesha wanafunzi wa Bungoma na Trans Nzoia historia hii, nzohe na Climacoceras wakiwekwa bega kwa bega.