Mafunzo ya Kichina kwa Wageni: Kutoka Harvard hadi Beijing

Sifa ya ugumu wa Kichina huitangulia lugha yenyewe, ikawavunja watu moyo kabla hawajatamka neno moja. Walakini ugumu huo una sehemu mbili, na kuzichanganya ndiko kulikowachosha wanafunzi wengi. Kuna maandishi, na kuna lugha inayosemwa. Maandishi ni maelfu ya alama, na kila moja yapasa kukumbukwa kwa sura yake. Lugha inayosemwa ni jambo jingine. Vitenzi vyake havibadiliki kwa nafsi, wala majina yake hayadai upatanisho kama yale ya Kiswahili. Taabu yake kubwa ni sauti. Silabi *ma* ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyo sawa ni mama. Ikipanda ni katani. Ikishuka kisha ikapanda ni farasi. Ikishuka kwa ghafula ni kukaripia. Asiyezitofautisha huenda akataka kumtaja mama yake akamtaja farasi.

Kwa muda mrefu vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vilianza na maandishi. Mwanafunzi alisoma vitabu vya kale vya Uchina kama mtu asomavyo Kilatini, na huenda akaweza kufasiri maneno ya Confucius asiweze kuagiza kikombe cha chai. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoitikisa desturi hiyo. Marekani ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941, jeshi lake lilikuta kwamba halina watu wa kutosha wenye kusema lugha za Asia. Mwaka 1943 likapeleka askari vijana katika vyuo vikuu ili wafundishwe upesi. Katika chuo cha Harvard somo la Kichina likawekwa chini ya Yuen Ren Chao, bingwa wa elimu ya lugha aliyezaliwa Tianjin mwaka 1892.

Njia yake ilikuwa hivi. Mtaalamu alieleza kanuni za lugha. Kisha wanafunzi wakagawanywa katika vikundi vidogo, wakakaa na mwalimu msaidizi ambaye Kichina ni lugha aliyozaliwa nayo, wakarudia sentensi hadi ulimi ukazoea. Alama za Kichina ziliahirishwa. Lugha iliandikwa kwanza kwa herufi za Kirumi, kwa mtindo ambao herufi zenyewe huonyesha kupanda na kushuka kwa sauti. Mafunzo hayo yalizaa kitabu cha Chao kiitwacho *Mandarin Primer*, kilichopigwa chapa mwaka 1948, na maandishi ya Kichina yakatolewa katika kitabu cha pekee.

Miongoni mwa walimu wasaidizi wa Chao alikuwamo mwanamke wa Kichina, jina lake Deng Yi. Baada ya vita alirudi kwao. Mwaka 1949 serikali mpya ilishika nchi, na mwishoni mwa mwaka 1950 Chuo Kikuu cha Tsinghua kilifungua darasa la kwanza la Kichina kwa wageni chini ya serikali hiyo. Wanafunzi wake walikuwa 33, kutoka nchi tano za Ulaya ya Mashariki. Deng Yi aliitwa kufundisha, naye akaufuata mfano alioujua. Wakati huohuo majeshi ya Uchina na ya Marekani yalikuwa yakiuana Korea. Hivyo njia iliyobuniwa kwa ajili ya askari wa Marekani ilikuwa ikiwahudumia wageni wa serikali ya Beijing. Maarifa yalivuka mpaka ambao watu hawakuweza kuuvuka.

Hata hivyo njia hiyo haikubaki kama ilivyokuja. Askari wa Harvard alihitaji kusema na kusikia. Mwanafunzi wa Beijing alihitaji zaidi ya hayo, kwa kuwa baada ya mafunzo ya lugha aliingia katika chuo kikuu kusoma masomo mengine pamoja na Wachina. Hapana budi ajue kusoma vitabu na kuelewa muundo wa sentensi ndefu. Kitabu cha mafunzo kilichotungwa chini ya uongozi wa Deng Yi, kikatolewa mwaka 1958, kilianza na sauti kama alivyotaka Chao, kisha kikaendelea na sarufi kwa utaratibu. Mwaka huohuo Uchina iliidhinisha mtindo wa herufi za Kirumi uitwao *pinyin*, ambao hadi leo ni mlango wa kwanza wa mgeni.

Wanafunzi wa Afrika walipoanza kuwa wengi, shule maalumu ya kuwatayarisha wageni iliundwa Beijing mwaka 1962. Hapo ndipo palipoonekana kasoro ambayo vitabu haviwezi kuiponya. Emmanuel Hevi wa Ghana, katika kitabu alichokitoa mwaka 1963, alisimulia upweke wa wanafunzi wa Kiafrika, muda mrefu uliotumiwa kwa lugha, na vizuizi vya kufanya urafiki na wenyeji. Wengi waliondoka kabla ya kumaliza. Mji mzima ulijaa wasemaji wa Kichina, lakini mwanafunzi hakuwa na wa kuzungumza naye kwa uhuru. Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalisimamisha mafunzo yote ya wageni. Mwaka 1972 vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli ya TAZARA, na hao nao hawakuweza kufika kwenye reli ila kwa kupitia lugha.

Basi historia hii yafundisha kwamba kumzamisha mwanafunzi katika lugha si kumweka katika nchi ya lugha hiyo tu. Askari wa Harvard walikuwa mbali na Uchina, lakini kila siku walikaa uso kwa uso na mtu aliyewasikiliza, akawasahihisha, akawajibu. Wenzao waliokaa Beijing bila marafiki walikosa nusu ya darasa.

Jambo hili lina uzito katika Afrika ya Mashariki. Kichina kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, ilipofunguliwa Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika, na Taasisi kama hiyo ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Wanafunzi wengi wa huku wana msaada ambao askari wale hawakuwa nao: Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, bali lugha nyingi za Kibantu hufanya hivyo, na sikio lililolelewa katika lugha hizo halianzi kazi hii likiwa tupu. Lakini somo likiisha mwanafunzi hurudi kwenye Kiswahili chake. Kwa hiyo mpango wowote wa mafunzo ya haraka utapimwa kwa swali moja: mwanafunzi akimaliza kurudia sentensi za kitabu, ni nani atakayeketi naye amjibu?