Fedha ya Schneeberg

Kwa Kiswahili, fedha ni madini na pia ni pesa. Nilipousoma mji wa Schneeberg, nikaelewa mbona. Uko Erzgebirge, yaani Milima ya Madini, eneo la mpakani mwa Ujerumani na Czech. Karne ya 15, fedha ilivuta watu huko. Wachimbaji wakawa wanakufa kifua kimewabana. Mwaka 1879 madaktari wawili walieleza chanzo: uvimbe hatari wa mapafu. Je, watu waliacha kushuka? Wapi! Baada ya 1945 Wasovieti walitaka urani ya mabomu, shimo zikajaa watu tena. Tangu 2019 milima hii ni urithi wa dunia wa UNESCO. Sawa. Lakini mimi nikitazama picha zake, nasikia kikohozi.