Deni la Msomi: Fedha za Serikali kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Tanzania

Wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania wamesomeshwa kwa fedha za umma tangu chuo kikuu cha kwanza kilipofungua milango mwaka 1961. Fedha hizo hazijawahi kuwa zawadi tupu. Mwanzoni msomi alidaiwa utumishi, na leo anadaiwa shilingi zinazokatwa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Safari kutoka deni la kwanza hadi la pili ilipita kwenye njaa ya bajeti, migomo ya wanafunzi na sheria zilizofanyiwa marekebisho mara kadhaa.

Wakati wa ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana aliyefaulu alikwenda Makerere, Uganda, na wachache walivuka bahari. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh, Uskochi, kuanzia 1949 hadi 1952, kwa ufadhili wa masomo. Nafasi za namna hiyo zilihesabika kwa vidole, na nchi ilipokaribia uhuru wahitimu wake walikuwa wachache mno kulinganisha na ofisi zilizowasubiri.

Ndiyo maana Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam kwenye jengo la TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, Mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo hadi leo watu wanapaita Mlimani. Serikali ilibeba karibu kila kitu: ada, malazi, chakula cha bwaloni, vitabu na fedha kidogo za mfukoni. Mtoto wa mkulima asiyejua kusoma alilala chumba kimoja na mtoto wa karani, na wote walihudumiwa sawa. Kwa malipo hayo wahitimu walitarajiwa kufanya kazi pale walipopangiwa, na mipango ya nguvukazi ilikuwa imeshaonyesha nchi inahitaji walimu wangapi, mainjinia wangapi na madaktari wangapi.

Deni hilo Nyerere, sasa akiwa Rais, alilieleza mwaka 1964 kwa mfano ambao wasomi wa kizazi kile hawakuusahau. Aliyepata elimu, alisema, ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Akikila kisha asirudi na msaada, huyo ni msaliti.

Miaka miwili baadaye mfano huo ulipata mtihani wake. Serikali iliamua kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo ingekuwa ya kambini, na miezi 18 iliyobaki mhusika angefanya kazi yake ya kawaida huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, wakishika mabango. Bango moja lilidai kuwa maisha yalikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Walifikishwa Ikulu, wakasoma tamko lao mbele ya Rais. Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa hasira iliyokuwa na uchungu ndani yake. Kama tatizo ni mishahara mikubwa ya viongozi, alisema, basi wa kwake unapunguzwa kwa asilimia 20 kuanzia siku hiyo. Wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Mlimani, walirudishwa vijijini kwao. Wengi walikuja kurejeshwa baadaye, lakini taifa lilikuwa limeshajiuliza kwa sauti swali lililokuwa likinong'onwa: anayesomeshwa na wakulima anawadai wakulima nini zaidi? Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilifuata Februari 1967, na hasira ya siku ile ya Oktoba inaonekana wazi katika masharti yake kwa viongozi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea tarehe 1 Julai 1970. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza sharti jingine, kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja bali kwanza alitumikie jeshi la kujenga taifa na kufanya kazi. Gharama za masomo zilibaki mabegani mwa serikali.

Mabega hayo yalianza kulemewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vikala akiba ya nchi mwaka 1978 na 1979. Vitabu viliadimika, majengo yakachakaa, na chakula cha bwaloni kikapungua ladha na kipimo. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, matumizi ya serikali yalibanwa zaidi. Mwaka 1988 serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Ilitekelezwa kwa awamu kuanzia mwaka 1992, kwanza kwa vitu vidogo kama nauli ya kwenda chuoni, ada ya usajili na michango ya umoja wa wanafunzi. Kisha ukaja mzigo wenyewe, yaani chakula na malazi.

Hapo ndipo neno mkopo lilipoingia katika maisha ya mwanafunzi wa Tanzania. Kuanzia Julai 1994 serikali ilitoa mikopo ya kumwezesha mwanafunzi kula na kulala, kupitia wizara iliyosimamia elimu ya juu. Fedha zilitoka, lakini mfumo wa kuzirudisha haukuwapo. Hapakuwa na chombo cha kufuatilia nani ameajiriwa wapi na anadaiwa kiasi gani, kwa hiyo mwanafunzi aliyesaini mwaka 1995 aliweza kufika katikati ya utumishi wake bila kuulizwa hata shilingi moja. Kenya, iliyokuwa na shida ya namna hiyo kwa miaka mingi, iliunda bodi yake ya mikopo kwa sheria ya mwaka 1995. Tanzania ilichukua karibu muongo mzima zaidi.

Mwanafunzi aliyekuwa amezoea kuhudumiwa bwaloni sasa alikuwa na pesa mkononi, na pesa hiyo haikutosha. Lugha ya vyuoni inaitunza historia hii kuliko nyaraka nyingi. Fedha za kujikimu ziliitwa bumu, na siku zinapoingia chuo kizima huchangamka. Kupiga pasi ndefu ni kuruka mlo, kustahimili tangu asubuhi hadi mlo mmoja wa jioni ili bumu lifike mwisho wa muhula. Kubebana ni kumpokea kitandani mwenzako aliyekosa chumba. Mtu hawezi kuielewa sera ya uchangiaji bila maneno haya matatu, maana ndiyo yanayoonyesha pengo kati ya kiasi kilichotolewa na kiasi kilichohitajika.

Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Namba 9 ya mwaka 2004, ndiyo iliyoweka mambo yote mahali pamoja. Bodi ilianza kazi Julai 2005. Ilipewa jukumu la kutoa mikopo mipya na pia kukusanya ile ya zamani tangu Julai 1994. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mikopo iligusa pia ada, na ilifika hadi vyuo binafsi, ambavyo vilikuwa vimeanza kuota kwa kasi tangu miaka ya 1990. Mwaka wa kwanza wanufaika walikuwa zaidi ya 42,000. Miaka 17 baadaye walikuwa wamepita 200,000.

Swali gumu la bodi tangu siku ya kwanza lilikuwa nani ni mhitaji. Fedha hazikuwahi kutosha wote, hivyo waombaji walipangwa kwa madaraja: mmoja alipata asilimia mia ya ada, mwingine 60, mwingine hakupata kitu. Wanafunzi waliotakiwa kuchangia asilimia 40 ya ada waligoma, na Aprili 2007 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa majumbani. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Kipato cha mkulima wa korosho au mfugaji hakina hati ya mshahara. Kinabadilika na mvua na bei ya soko, na hakuna fomu inayoweza kukipima vizuri.

Kwa hiyo fomu ikageuka kuwa ushahidi. Mwombaji wa leo hujaza maombi kwa mtandao, mara nyingi akiwa stesheneri ya mjini, na hulipa ada ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi. Fomu ikishachapwa hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa ili agonge mhuri, kwa mdhamini atoe picha na saini yake, na kwa wakili au kamishna wa viapo athibitishe. Kisha kurasa zilizosainiwa hurudishwa kwenye mfumo. Kosa moja kwenye jina, herufi moja tu iliyo tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, linaweza kumchelewesha mtoto maskini aliyetembea siku nzima kutafuta mihuri hiyo. Hiyo ni dosari inayoumiza, kwa sababu anayelengwa na mkopo ndiye asiye na nauli ya kurudi kurekebisha.

Upande wa marejesho nao una historia yake. Awali mnufaika aliyeajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Juu ya deni iliwekwa tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Hesabu yake ni nyepesi na nzito kwa pamoja. Mwenye deni la shilingi 8,000,000 na mshahara wa msingi wa 700,000 alikatwa 56,000 kwa mwezi, sawa na 672,000 kwa mwaka. Tozo peke yake ilikuwa 480,000. Mwaka mzima wa makato ulipunguza deni lenyewe kwa 192,000 tu. Wapo waliofanya kazi miaka mingi, kisha wakachukua taarifa ya deni na kulikuta halijasogea.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15. Kwa mtu wa mfano huo, makato yaliruka kutoka 56,000 hadi 105,000 kwa mwezi. Waliokopa chini ya mkataba wa asilimia 8 waliona wamebadilishiwa masharti katikati ya safari, na vyama vya wafanyakazi vililibeba jambo hilo. Jibu la sehemu lilikuja Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 kuanzia Julai mwaka huo. Makato ya asilimia 15 yalibaki. Bila tozo, deni lile la 8,000,000 linaisha chini ya miaka sita na nusu.

Bumu nalo limepandishwa hatua kwa hatua. Mwaka wa masomo 2022/23 fedha za chakula na malazi zilitoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Mwaka huohuo ulianza ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na kwa hao serikali imerudi kulipa kila kitu bila kudai shilingi irudi. Zanzibar ina bodi yake kwa wanafunzi wa visiwani. Kuanzia 2023/24 mikopo imefika kwa wanafunzi wa stashahada, ngazi ambayo sheria ya mwaka 2004 haikuwa imeielekezea macho.

Kundi linaloisumbua bodi kwa sasa ni wahitimu wasio na mwajiri: mwenye duka la dawa, fundi wa kompyuta, mkulima wa nyanya mwenye shahada. Makato ya mshahara hayawafikii, na wengi wao kipato chao hakina tarehe. Sheria inawataka wajilipie wenyewe kila mwezi, na sehemu ya kila shilingi wanayoirejesha huingia kwenye mikopo ya wanafunzi wa mwaka unaofuata.