Pweza Aliyeachwa Akue

Katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa kuwa mvuvi mdogo huendelea kwa zana: mashine ya boti, nyavu za nailoni, na chama cha ushirika cha kuzigawa. Vyama vyenyewe vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Hapo katikati mvuvi alibaki na mchuuzi wake, na anayekukopesha ndiye anayekupangia bei.

Mkakati ulionigusa zaidi haukudai zana yoyote. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska (Bukini ya wazee wetu), walikubali kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, pasivuliwe pweza. Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi. Akiachwa hata miezi mitatu, mizani hukwambia tofauti. Utaratibu huo umefika hadi Pemba.

Lakini msomaji asidhani kungoja ni bure. Wanaochokoa pweza mwambani, bamvua likitoa maji, wengi ni wanawake, kwa kijiti na miguu yao. Mwamba ukifungwa, mwenye mashua huenda kwingine. Wao hukosa mboga na fedha ya madaftari. Kisha siku ya kufungua kila mtu huteremka, hata wasiongoja. Pweza wote wakifika ufukweni asubuhi moja, na mwenye barafu ni mmoja, atabishana bei na nani? Ningekuwa kwenye kamati ya kijiji, ningetaka bei iandikwe kabla mwamba haujafunguliwa, na siku ya kwanza iwe ya wanawake hao peke yao.