Gesi Isiyofanya Kitu

Chukua kipande cha filamu, kitumbukize kwenye dawa, kisha ukiache kimetulia tuli mpaka muda uishe. Utakuwa umeharibu picha. Si kwamba dawa ni mbovu au filamu imeexpire. Shida ni kwamba dawa inapofanya kazi inatoa uchafu, na uchafu huo ukikosa wa kuusukuma unakaa palepale. Au mbaya zaidi, unateremka.

Kwenye filamu kuna punje ndogo mno za fedha iliyoungana na bromini. Zile zilizopigwa na mwanga, dawa inazigeuza kuwa fedha tupu, nyeusi, na bromini inaachiliwa ndani ya dawa kama bromaidi. Bromaidi hiyo inapunguza kasi ya dawa. Tena dawa iliyochoka ni nzito kuliko dawa mpya, kwa hivyo filamu ikiwa imesimama wima, ile iliyochoka inaanza kuteleza kwenda chini polepole kama jasho mgongoni. Umepiga picha ya ukuta wa kijivu wenye dirisha linalowaka jua? Usipotikisa, unaweza kupata michirizi inayoanzia dirishani na kushuka ukutani, michirizi ambayo kwa macho yako haikuwepo.

Ndiyo maana watu wa chumba cha giza wamekuwa wakitikisa tangu enzi za mabamba ya kioo. Historia ya picha tunayopewa kila siku ni ya kamera, lenzi na majina makubwa. Lakini kuna historia nyingine, ya kutikisa, na ndani yake kuna ugomvi mmoja mzito: mkono wa binadamu ni sehemu ya picha, ama ni doa?

Ugomvi huo ulilipuka mwaka wa 1890. Widnes, mji wa viwanda vya kemikali huko Uingereza, kulikuwa na marafiki wawili: Ferdinand Hurter, mkemia mzaliwa wa Uswisi, na Vero Charles Driffield, injinia. Walikuwa wapiga picha wa kujifurahisha tu, ila walichoka kubahatisha. Wakapima. Mwanga kiasi hiki unazaa weusi kiasi hiki, dawa ya muda huu inazaa tofauti hii kati ya giza na mwanga. Wakachora mkunjo kwenye karatasi, na mpaka leo wataalamu wa filamu wanauita kwa herufi za majina yao, H na D. Ujumbe wao ulikuwa mkali: kusafisha filamu si uchawi wa fundi. Ukishapiga picha, uwiano kati ya sehemu moja na nyingine umeshaamuliwa na mwanga. Unaweza kuongeza muda ili tofauti zikue zote kwa pamoja, lakini huwezi kuchagua sehemu moja ukaipendelea kwa ujanja wa dawa.

Sasa muone Peter Henry Emerson. Jamaa alizaliwa Cuba, akasomea udaktari, halafu mwaka wa 1889 akatoa kitabu cha kutetea upigaji picha kama sanaa kamili, na sehemu ya hoja yake ilitegemea uhuru wa msanii ndani ya chumba cha giza. Kazi ya kina Hurter na Driffield ilimvunja moyo kabisa. Haukupita muda akachapisha kijitabu chenye ukingo mweusi, kama tangazo la kifo, akitangaza kwamba ule upigaji picha alioutetea umekufa. Kama mkono hauamui kitu, basi sanaa iko wapi? Naelewa uchungu wake, ingawa naona aliharakisha kuzika. Alidhani mkono ukikosa kutawala kila kitu basi hautawali chochote.

Kwa sababu mafundi waliendelea kutumia mikono, na wengine kwa ustadi wa kutisha. Edward Weston, kule California, alisafisha negativu zake kubwa kwenye trei, akizichungulia kwa taa hafifu ya kijani na kuamua mwenyewe kwamba hii sasa imeiva. Filamu za aina hiyo si zile za kuviringishwa kwenye mkebe. Ni shiti: kipande kimoja, picha moja, inchi 4 kwa 5 au hata 8 kwa 10. Kwenye trei unazirundika dawani na kuzizungusha, ya chini inakuja juu, ya chini inakuja juu, gizani, ukisikiliza vidole. Kucha moja ikikosea, umechora mstari usiofutika.

Studio yenye shiti 20 kwa siku inaweza kuvumilia hayo. Lakini maabara yenye mamia? Hizo ziliweka filamu kwenye fremu za chuma, zikaning'iniza fremu nyingi pamoja kwenye tangi refu, na mfanyakazi akawa anainua rundo lote, analiinamisha upande huu, analirudisha, analiinamisha upande ule. Mzigo ulikuwa mzito, na matokeo yalitegemea mtu. Wa asubuhi anatikisa kwa nguvu, wa jioni amechoka. Isitoshe, kutikisa kupita kiasi nako kunaharibu: dawa inayopita kwa kasi kwenye kingo na matundu ya fremu inasafisha sehemu hizo zaidi, na pembeni mwa picha unabaki na alama.

Jibu la viwanda, lililoenea katikati ya karne ya 20 na ambalo Kodak iliandika miongozo yake kwa kina, lilikuwa kumwondoa mtu kabisa. Chini ya tangi unalaza bomba zenye vitundu vidogo. Juu ya tangi filamu zinaning'inia bila kuguswa. Vali inafunguka kwa muda kama wa sekunde moja, gesi inapanda kwa kishindo, dawa yote inainuka kidogo na kuvurugika, kisha vali inafunga. Kimya. Baada ya sekunde kama 10, tena.

Kile kimya ndicho ninachokipenda mimi. Ungefikiri kumwaga mapovu bila kukoma kungekuwa bora, si ndiyo? Kumbe hapana. Mapovu yasiyokoma yanajitengenezea njia, kama watu wanaokata kona kwenye nyasi mpaka nyasi zinakufa, na kila njia inaacha mstari kwenye filamu. Mlipuko mfupi, kisha utulivu, unavunja njia kabla haijazoeleka.

Na kwa nini nitrojeni? Hewa ya kawaida ni ya bure, lakini ina oksijeni, na oksijeni inaila dawa ya kusafishia haraka. Gesi ya soda nayo ina asidi ndani yake, wakati dawa nyingi za kusafishia zinahitaji hali ya alkali ili zifanye kazi. Gesi ya kupikia usiifikirie hata. Nitrojeni haifanyi kitu. Haichomi, haiozeshi, na ni asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi. Nairobi utaikuta kwa watu wa tairi. Katika mashine za picha za rangi mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi: tangi la kusafishia lilipewa nitrojeni, lakini tangi la kuondolea fedha baadaye lilipewa hewa, kwa sababu dawa ya pale inaitaka ile oksijeni iihuishe.

Kwa hivyo mkono uliondolewa, na filamu zikatoka sawa. Lakini sawa kwa kipimo cha nani? Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kuhusu kadi ambazo Kodak iliwapa maabara ili kupima rangi wakati wa kuchapisha. Zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Ngozi yake ikawa ndiyo ngozi. Mapovu hayana hatia hapo, kusafisha ni kitu kimoja na kuchapisha ni kingine. Ila mfumo ni uleule: fundi asiamue, afuate kadi. Na kadi ikiwa haikujui, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusema huyu amekuwa mweusi tii bila macho, rudia. Kodak ilipoanza kurekebisha, Roth anaeleza, sehemu ya msukumo ilitoka kwa kampuni za chokoleti na fanicha zilizolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti, bana.

Leo zile maabara kubwa nyingi zimefungwa, na vifaa vyake vimeishia mikononi mwa watu binafsi. Mtu ana tangi la chuma, bomba zake, mtungi wa nitrojeni na regulata, na chumba cha giza ambacho juzi kilikuwa bafu. Wengine wanajaribu pampu ya samaki, na hiyo inasukuma hewa tupu, kwa hivyo dawa inakufa kabla ya wakati.

Kuna hatari ambayo mwenye maabara aliijua na mwenye bafu huenda haijui. Lavoisier aliiita gesi hii *azote*, yaani isiyo na uhai. Mwili wako unakusukuma upumue kwa sababu kaboni dioksidi imejaa, siyo kwa sababu oksijeni imepungua. Ukivuta nitrojeni tupu husikii kukabwa, husikii harufu. Unaanguka tu. Tarehe 19 Machi 1981, huko Florida, mafundi waliingia sehemu ya nyuma ya chombo cha anga cha Columbia wakati imejazwa nitrojeni. Walizimia, na kukatokea vifo. Sekunde moja ya mapovu kwenye tangi dogo si kitu kama hicho. Lakini mtungi unaovuja usiku kucha ndani ya chumba kilichozibwa kila ufa ili mwanga usiingie ni hadithi nyingine. Mtungi unakaa nje ya mlango. Bomba ndilo linaloingia. Feni inawashwa kabla taa haijazimwa, na vali kuu inafungwa kabla mtu hajaenda kulala.