Uthibitishaji wa hati ya uwakilishi kwa video

Uthibitishaji wa hati ya uwakilishi kwa video ni utaratibu ambao mtoa mamlaka hutia saini mbele ya notari kupitia intaneti. Virginia lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuuruhusu. Sheria yake ya 2011 ilianza kutumika Julai 2012. Janga la korona mwaka 2020 liliyaharakisha majimbo mengine kuuruhusu pia.

Notari hukagua kitambulisho, na mara nyingi mfumo humuuliza mtoa mamlaka maswali kuhusu historia yake. Mazungumzo hurekodiwa, kisha muhuri wa kielektroniki huiwezesha hati kuonyesha kama imebadilishwa baadaye. Lakini kamera haioni anayemshinikiza mtoa mamlaka mzee kutoka pembeni, na hapo umakini wa notari ndio kinga kuu. Kabla ya kutumia hati nchi nyingine, ofisi itakayoipokea iulizwe kwanza kama inaikubali.